Safari chache, bahari ileile: uzazi wa mpango unamwokoaje mama?

Katikati ya mwaka 2025 ilisambaa habari ya ghala moja nchini Ubelgiji. Ndani yake kulikuwa na sindano, vijiti, vidonge na vitanzi vya uzazi wa mpango vya thamani ya takriban dola milioni 9.7, vilivyonunuliwa kwa fedha za Marekani kabla nchi hiyo haijasitisha misaada yake, na mpango ulikuwa vikachomwe moto. Sehemu ya shehena hiyo ilikuwa ije Tanzania. Mjadala ukawaka kabla ya shehena. Wapo waliouliza: vifo vya akina mama si vitapanda? Wakajibiwa kwa takwimu za nchi yenyewe: kati ya utafiti wa kitaifa wa 2015-16 na ule wa 2022, vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, ilhali wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa walikuwa asilimia 32, kisha 31. Kama dawa haikuongezwa na mgonjwa kapata nafuu, aliyemponya ni nani?

Huku Lindi na Mtwara lipo swali la tatu. Mikoa hii miwili imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa inayoongoza nchini kwa kutumia njia za kisasa. Katika utafiti wa 2015-16, takriban nusu ya wanawake walioolewa walikuwa wanazitumia. Mbona basi mama bado anafariki kwa kujifungua?

Maswali yote matatu ni ya haki. Yanagongana kwa sababu maneno "vifo vya uzazi" yamebeba vipimo zaidi ya kimoja, na kila msemaji kashika chake.

Tuweke maneno sawa kwanza

Njia za kisasa za uzazi wa mpango ni vidonge vya majira, sindano, kijiti, kitanzi (wengi husema lupu), kondomu, na kufunga kizazi kwa mwanamke au mwanamume. Kalenda na kumwaga nje zinaitwa njia za asili. Kunyonyesha nako ni njia, ila kwa masharti tutakayoyafikia.

Kifo cha uzazi ni kifo cha mwanamke akiwa mjamzito, au ndani ya siku 42 tangu mimba ilipokwisha kwa namna yoyote ile, kwa sababu iliyotokana na ujauzito au iliyochochewa nao. Siku 42 ni kama arobaini yetu ya mzazi, ongeza mbili. Mjamzito akigongwa na bodaboda hahesabiwi. Mjamzito mwenye ugonjwa wa moyo uliozidishwa na ujauzito anahesabiwa. Duniani kote, kati ya sababu za uzazi wenyewe, muuaji mkuu ni kutokwa na damu nyingi, akifuatiwa na presha ya ujauzito pamoja na kifafa chake, kisha maambukizi, utoaji mimba usio salama na uchungu pingamizi, yaani mtoto kukwama njiani.

Zile 556 na 104 zinaitwa uwiano: vifo vingapi katika vizazi hai 100,000. Hazisomwi kwenye madaftari ya hospitali. Watafiti hupita kaya kwa kaya, wakamuuliza mwanamke kuhusu ndugu zake wa tumbo moja: wangapi wanawake, wangapi wamefariki, na aliyefariki alikuwa mjamzito au ametoka kujifungua? Majibu hayo hukusanywa kwa miaka kadhaa iliyotangulia utafiti, kwa hiyo 104 ni picha ya miaka saba, wala si ya mwaka 2022 peke yake. Na kwa kuwa vifo hivyo, tumshukuru Mungu, ni vichache ndani ya sampuli, hesabu ina mtikisiko: ile 556 ilichapishwa na maelezo kwamba ukweli unaweza kuwa popote kati ya 446 na 666. Anayebishana juu ya tofauti ya vifo 20 kati ya mkoa na mkoa anabishana juu ya ukungu.

Kuvuka Msangamkuu

Fikiria mtu anayevuka maji kutoka Mtwara Mjini kwenda Msangamkuu. Uwezekano wake wa kuzama katika maisha yake unategemea mambo matatu: anavuka mara ngapi, anavuka na chombo gani na nahodha gani, na anavuka katika hali gani ya bahari. Anayepanda mtumbwi unaovuja wakati wa kusi, mara kumi, hawezi kulinganishwa na anayepanda kivuko asubuhi bahari ikiwa imelala, mara tatu.

Kila mimba ni safari moja. Uzazi wa mpango unapunguza idadi ya safari, na unamwezesha mtu kuziruka siku mbaya: binti wa miaka 15, mama aliyejifungua miezi mitano iliyopita, mama wa miaka 43 mwenye watoto saba. Ila hauna mkono kwenye chombo. Chombo ni mkunga, sindano ya oksitosini ya kulibana tumbo la uzazi baada ya mtoto kutoka, magnesiamu salfeti ya kuzuia kifafa cha mimba, damu salama, chumba cha upasuaji na gari la kumfikisha mtu huko.

Sasa hesabu inayowachanganya watu. Chukua wilaya ya kubuni yenye vizazi 10,000 kwa mwaka na vifo 20. Uwiano wake ni 200 kwa kila 100,000. Wanawake wakianza kupanga uzazi, vizazi vikashuka hadi 7,000, na hospitali zikabaki vilevile, vifo vitakuwa 14. Wanawake sita wako hai ambao wangekuwa kaburini. Uwiano je? Ni 200 palepale, maana 14 kwa 7,000 ni sawasawa na 20 kwa 10,000. Mtu wa takwimu akiangalia uwiano peke yake ataandika kwamba mradi haukuleta mabadiliko. Linaweza hata kutokea la ajabu zaidi: waliopanga wakiwa hasa wanawake wa miaka ya ishirini wenye afya njema, wale 7,000 waliobaki wana wenye hatari wengi zaidi, na vifo 15 vitapandisha uwiano hadi 214 huku watano wakiwa wameokoka.

Ndiyo maana kuna kipimo kingine, cha hatari ya maisha: mwanamke mmoja kati ya wangapi atafariki kwa uzazi katika umri wake wote. Kwa hesabu ya haraka unazidisha uwiano kwa idadi ya watoto ambao mwanamke wa kawaida huzaa. Mwaka 2015-16, kwa uwiano wa 556 na watoto 5.2, ilikuwa takriban mwanamke mmoja kati ya 35. Kwa 104 na watoto 4.8 ya mwaka 2022 ni mmoja kati ya 200. Uwiano ukibaki 104 lakini watoto wakawa watatu, inakuwa mmoja kati ya 320. Hapo ndipo kijiti na sindano vinapoonekana kwenye hesabu.

Hivyo aliyesema vifo vilishuka bila matumizi kuongezeka kasema kweli kuhusu uwiano. Katika kipindi hichohicho, kinamama wanaojifungulia kwenye vituo vya huduma walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Chombo kilibadilika. Lakini asilimia 31 iliyosimama haina maana ya dawa isiyofanya kazi. Ni watu waleule wanaoendelea kuruka safari kila mwaka. Ukiwaondolea sindano, hawabaki walipo, wanarudi majini.

Tafiti zinasema nini, na zilijuaje?

Utafiti unaotajwa kuliko yote ni ule wa Saifuddin Ahmed na wenzake, uliochapishwa mwaka 2012. Walichukua nchi 172, wakakadiria kwamba mwaka 2008 uzazi wa mpango ulizuia vifo vya uzazi takriban 272,000, yaani bila huo vifo vya mwaka ule vingekaribia kuwa mara mbili. Inafaa kujua namba kama hiyo inapatikanaje, kwa kuwa hakuna aliyehesabu makaburi ambayo hayakuchimbwa. Wanachukua idadi ya watumiaji, wanakadiria wangepata mimba ngapi bila njia, kisha wanazidisha kwa hatari ya kila mimba katika nchi ile. Ni makadirio yenye mantiki, lakini yanasimama juu ya dhana zake.

Ushahidi wa kuonekana kwa macho ulitoka Matlab, wilaya ya mashambani nchini Bangladesh. Kuanzia 1977, sehemu ya vijiji ilipata wahudumu wanawake waliopita nyumba kwa nyumba na vidonge, sindano na kondomu, wakirudi kufuatilia waliopata maudhi. Vijiji jirani vikabaki na huduma za kawaida za serikali. Michael Koenig na wenzake walipopima vifo vya 1976 hadi 1985, walikuta katika vijiji vya mradi wanawake waliofariki kwa uzazi ni wachache zaidi ukilinganisha na idadi ya wanawake, lakini hatari ya kila mimba iliyotokea ilikuwa karibu ileile. Ni wilaya yetu ya kubuni hapo juu, ila hii ilikuwepo.

Kwa upande wa chombo, kusini yetu ina utafiti wake. Mwaka 2007 zilihesabiwa kaya takriban 226,000 katika wilaya za Lindi Vijijini, Nachingwea, Ruangwa, Newala na Tandahimba. Claudia Hanson na wenzake wakalinganisha umbali wa kila kaya kutoka hospitali na vifo vilivyotokana moja kwa moja na uzazi. Waliokuwa ndani ya kilomita 5 walikuwa na vifo 111 kwa kila vizazi hai 100,000. Waliokuwa zaidi ya kilomita 35 walikuwa na 422. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya jibu la swali la tatu. Mwanamke anaweza kuwa amepanga watoto wake vizuri, wa tatu akaja kwa hiari yake na kwa wakati wake, kisha damu ikamtoka akiwa kilomita 40 kutoka kwenye damu ya kuongezwa.

Kuvuja damu kupita kiasi baada ya kujifungua huanzia nusu lita, chupa ndogo ya maji ya dukani. Ikifika lita moja ni hatari kubwa. Kwa jicho watu hukosea sana, kwani damu hunywewa na vitenge na shuka. Jaribio lililofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, na kuchapishwa 2023, liliwapa wakunga mfuko wenye alama za vipimo wa kukingia damu chini ya mama, pamoja na hatua zote za tiba kufanywa kwa mpigo badala ya moja moja. Visa vya kuvuja damu vilivyofikia hali mbaya vilipungua kwa asilimia 60. Hakuna kijiti kinachoweza kufanya hilo.

Salfa na mkorosho

Kuna mtego mmoja katika tafiti hizi ambao mkulima wa korosho ataushika haraka kuliko msomi. Ukilinganisha mashamba yaliyopuliziwa salfa na yasiyopuliziwa, yaliyopuliziwa yatatoa korosho nyingi. Lakini aliyemudu salfa ndiye pia aliyepalilia, akapogolea matawi na kung'oa mikorosho iliyozeeka. Salfa inazuia kweli ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Ila mavuno yote si yake.

Vivyo hivyo, mwanamke anayetumia uzazi wa mpango mara nyingi amesoma zaidi, ana kipato cha afadhali na yuko karibu na zahanati. Afya yake nzuri imetoka kwenye njia anayotumia au kwenye hayo mengine? Mfano mzuri ni nafasi kati ya mimba na mimba. Mwaka 2000 Agustín Conde-Agudelo na José Belizán walichapisha matokeo ya wanawake zaidi ya 456,000 wa Amerika ya Kusini na nchi jirani: walioshika mimba ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua walikuwa na hatari ya kufariki takriban mara mbili na nusu ya wale waliopumzika mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na upungufu wa damu ulikuwa mwingi zaidi kwao. Miaka ya baadaye watafiti wengine, wakiwamo wa Australia Magharibi mwaka 2014, walilinganisha mimba za mama yuleyule, na madhara ya nafasi fupi kwa mtoto, kama kuzaliwa njiti au na uzito mdogo, yakaonekana madogo kuliko ilivyodhaniwa. Sehemu ya kilichohesabiwa kuwa kosa la nafasi fupi huenda ilikuwa hali nyingine za mama, kama umaskini.

Hilo halifuti ushauri wa kupumzika, hasa hapa kwetu ambapo malaria na lishe duni vimeshapunguza damu ya mama kabla hajaanza safari. Anayeingia leba na damu pungufu, ile chupa ya nusu lita inammaliza upesi. Ila linatufundisha kumtilia shaka anayesema sababu ni moja.

Ushauri wenyewe hukosewa mara nyingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miezi 24 kutoka kujifungua hadi kushika mimba inayofuata. Wengi husikia miaka miwili kati ya mtoto na mtoto. Ongeza miezi tisa: mtoto na mtoto wapishane takriban miezi 33, miaka mitatu kasoro robo. Mimba ikiharibika, subira ni angalau miezi sita.

Palipo na hitilafu

Neno jingine la kwenye ripoti ni "mahitaji yasiyofikiwa". Wengi hulisoma kama kituo kisicho na dawa. Maana yake ni mwanamke anayeweza kushika mimba, hataki kabisa au hataki kabla ya miaka miwili, na bado hatumii njia yoyote. Mwaka 2022 walikuwa takriban mmoja kati ya watano wa walioolewa nchini. Kituo kinaweza kuwa hatua mia kutoka kwake na njia ni bure katika vituo vya serikali. Kinachomzuia ni mume, au maudhi aliyoyapata, au aliyosikia kisimani.

Katika yanayosikika kisimani, la kwanza ni hedhi kukata. Sindano na kijiti huweza kuisimamisha, na mtaani inasemwa damu chafu inajaa tumboni. Hedhi ni utando wa ndani ya tumbo la uzazi unaojengwa kila mwezi na kubomoka mimba isipoingia. Homoni ya sindano inaufanya utando huo ubaki mwembamba. Nyumba ambayo haikujengwa haina kifusi. Kinachohitaji kituo ni damu kutoka nyingi mfululizo, au hedhi kukata pamoja na dalili za mimba.

La pili ni ugumba. Sindano ya miezi mitatu huchelewesha uzazi, na hapa watoa huduma wasiposema mapema wanajijengea lawama: kwa wengi mimba huja miezi tisa hadi kumi tangu sindano ya mwisho, wengine zaidi ya mwaka. Ni kuchelewa, siyo kufungwa. Mwenye mpango wa kuzaa mwakani achague kijiti, vidonge au kitanzi, ambavyo uzazi hurudi upesi vikiachwa.

Kijiti hukaa chini ya ngozi ya mkono wa juu, na kinapaswa kusikika ukikipapasa. Cha fimbo moja hufanya kazi miaka mitatu, cha fimbo mbili mitatu hadi mitano kulingana na aina yake. Kisiposikika, rudi kituoni. Baadhi ya dawa hukidhoofisha kijiti, na hudhoofisha vidonge vya majira pia: rifampisini ya kifua kikuu, karbamazepini na fenitoini za kifafa, na efavirenzi ya VVU. Mtoa huduma hawezi kujua usipomtajia. Vidonge vyenye homoni mbili havimfai mwenye presha ya 140 kwa 90 au zaidi, wala mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona nyotanyota, wala anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita. Kitanzi cha madini ya shaba hakina homoni na hudumu miaka kumi au zaidi, ila kinaweza kuongeza damu ya hedhi, jambo la kufikiria kwa mwenye upungufu wa damu.

Kuhusu VVU, jaribio kubwa lililotoka 2019 katika Afrika Kusini, Kenya, Zambia na Eswatini lilifuatilia wanawake 7,829 na halikukuta tofauti kubwa ya maambukizi kati ya sindano, kijiti na kitanzi. Vyote havikingi. Inayokinga ni kondomu.

Pengo baya zaidi liko baada ya kujifungua, pale mama anapongoja hedhi irudi ndipo aende kliniki. Yai hutangulia hedhi. Asiyenyonyesha anaweza kushika mimba kuanzia wiki ya nne hivi, kabla hajaona siku zake. Kunyonyesha kunakinga kwa masharti matatu yaliyotimia pamoja: mtoto hajafikisha miezi sita, hapewi chochote zaidi ya ziwa, mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Uji ukianza, kinga imekwisha, hata kama mtoto bado ananyonya. Kijiti kinaweza kuwekwa kabla mama hajatoka wodini. Kitanzi huwekwa ndani ya saa 48, au kingoje hadi wiki nne zipite. Sindano, kwa anayenyonyesha, husubiri wiki sita.

Na kituo kikiishiwa? Mwenye sindano akikuta boksi tupu tarehe yake ilipofika, ana nafasi: inaweza kuchomwa hadi wiki nne baada ya tarehe bila vipimo vya ziada. Zikipita hizo, atumie kondomu, apimwe mimba sindano itakapopatikana, na aendelee na kondomu kwa siku saba baada ya kuchomwa. Mume aliyefungwa kizazi naye asihesabu usalama siku ileile. Mbegu zilizobaki kwenye mirija huchukua miezi mitatu kuisha.